Nafasi Katikati ya Jina

Binza, Maswa
9 Machi 2025

Danford ng'wanone,

Mwangaluka, mwanangu, umeamkaje. Huku Binza tumeamka, na goti langu la kushoto limeamka kabla yetu. Linatangaza mvua mara nyingi kuliko redio, ila mvua yenyewe hailisikilizi. Binti yangu Felisita amejifungua mtoto wa kike na amekataa kumpa jina langu. Anasema Specioza ni jina la kuandikwa kwenye msalaba wa kaburi. Nimemwambia asubiri, halina haraka.

Baba yako alifika hapa Alhamisi. Limbu siku hizi hasalimii watu, anawatangazia. "Danford yuko Bariadi, amekaa chini ya feni, anafundisha kompyuta kusoma." Nikamuuliza, inasoma nini? Hajui. Nikamuuliza, ikishasoma inafanya nini? Hajui hilo pia, lakini feni ameiona.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Lambo la kijijini kwetu Sapiwi, lile alilolichimba baba yangu, babu yako, ambalo ng'ombe wa kijiji kizima wanalinywa tangu sijaolewa: yule Fredrick wa hapohapo ameanza kulichimbia nguzo za ua. Anasema lambo ni la babu yake, Mwandu. Baba yangu alisimama mbele ya halmashauri ya kijiji mwaka 1986, akasema lambo ni lake, na analitoa linyweshe ng'ombe wa wote, asije mtu akalizungushia ua. Iliandikwa. Nasikia karatasi zote za Sapiwi za miaka ile zimechukuliwa na mradi wenu. Itafute. Ukiipata usinisimulie. Nataka kujua jina la mwenye lambo limepigwaje chapa humo, herufi kwa herufi. Usiniulize kwa nini.

Baraza la Kata litasikiliza shauri hili mwezi wa sita. Baada ya hapo ni kiangazi, na ng'ombe hawasubiri vikao.

Usinipigie simu. Simu ni ya kuuliza kama mtu amefika. Jambo huandikwa. Peleka bahasha stendi, watu wa basi la asubuhi la Maswa wananijua.

Shangazi yako,
Specioza


Mradi wa Hifadhi ya Nyaraka za Vijiji
Bariadi
2 Aprili 2025

Shangazi Specioza,

YAH: MUHTASARI WA KIKAO CHA MWAKA 1986

Barua yako ilinifikia ikiwa imefungwa pamoja na karanga, na karanga zilipokelewa na wenzangu kabla yangu. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yanayochoka kwa mwanga wa skrini. Mfikishie Felisita pongezi zangu. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Majukumu ya kitaalamu yamenizidi.

Kabla ya ombi lako, naomba nikueleze kazi yangu, ili utakapoulizwa tena na Baba usibaki kwenye feni. Tuna mafaili 4,316 ya maandishi, kila moja ni kikao kimoja cha kijiji. Mtu wa kawaida akitaka kusahihisha neno hufungua faili, husoma, husahihisha, hufunga, kisha huanza jingine. Ndivyo afanyavyo Precious, karani wetu wa kuchapa, na ndiyo maana Precious atastaafu hajafika mafaili ya Meatu. Mimi nafungua dirisha jeusi la amri na kuandika mstari mmoja. Ipo amri iitwayo grep, ambayo hunitolea kila mstari wenye neno ninalolitafuta. Ipo nyingine iitwayo sed, ambayo hulibadilisha neno hilo popote lilipo, katika mafaili yote, kwa pigo moja. Sekunde tisa, Shangazi. Precious aliacha kutafuna.

Nyaraka za Sapiwi zilikuwa aibu. Mpiga chapa wa enzi hizo, sijui alikuwa nani wala alisomea wapi, alipewa jina moja akaliandika kwa namna nne: Mwandu, Ng'wandu, Ngwandu, na mahali pengine Ng wandu, lenye pengo katikati kama jino lililong'oka. Hatuwezi kuingiza katika karne hii uzembe wa namna hiyo. Mwanzoni ile alama ya juu, ambayo kwa jina sahihi ni ritifaa, ilinisumbua: kompyuta iliidhani ni nukuu niliyoifungua, ikanisubiri niifunge. Nikaizingira kwa alama nyingine za kunukuu, nikaandika:

sed -i "s/Ng[' ]*w/Mw/g" *.txt

Maana yake: kila penye Ng ikifuatwa na w, iwe katikati kuna ritifaa, nafasi au hakuna kitu, weka Mw. Majina manne yakawa moja, la Kiswahili sanifu.

Sifichi kwamba nina kisa binafsi na ritifaa. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mifumo mitatu ya maombi mtandaoni ilinikataa kwa sababu jina langu la ukoo lina "herufi zisizokubalika". Nikaapa kiapo cha kubadili jina, nikaitwa Mwandu. Tangu siku ile hakuna mlango ulionifungia.

Muhtasari wako nimeuambatanisha. Unasema: "Ndugu Mwandu alieleza kuwa lambo ni lake na analitoa kwa matumizi ya wote." Kwa kuwa ulitaka herufi kwa herufi: M, w, a, n, d, u.

Wako mtiifu,
Danford L. Mwandu
Shahada ya Sayansi ya Kompyuta


Binza, Maswa
11 Aprili 2025

Danford,

Tangu lini mtoto wa kaka yangu ananiandikia YAH? Nimeisoma barua yako nimesimama, nikidhani nimeitwa na mahakama.

Nashukuru kwa salamu. Mtoto wa Felisita ananyonya na kulala, hana shahada.

Yule mpiga chapa usiyejua alikuwa nani ni mimi. Kabla ya kuolewa huku Binza nilikaa miaka minne kwenye mashine ya chapa ya ofisi ya tarafa. Kila karatasi ya Sapiwi unayoicheka nilishapulizia wino wake ukauke. Ulidhani shangazi yako alizaliwa anauza karanga?

Sasa nisikilize, na uondoe mkono kwenye kompyuta. Sapiwi walikuwepo wawili wenye jina hilo. Mmoja alibatizwa, akafika darasa la nne, akataka aandikwe kama mwalimu alivyomwandika: Mwandu. Wa pili ni baba yangu. Yeye alikuwa na ng'ombe, na mwalimu hakuwa na habari naye. Huyo ni Ng'wandu. Jina ni moja, hilo najua, sikuhitaji feni kulijua. Lakini watu ni wawili. Katibu wa kijiji aliniambia, "Specioza, hawa wakichanganyika watu watapigana mikuki. Huyu mpige Kiswahili, huyu mpige Kisukuma." Nikafanya hivyo miaka minne. Wewe umewafanya mtu mmoja kwa sekunde tisa, na huyo mmoja siye babu yako.

Fredrick amekutangulia. Wiki iliyopita alifika ofisini kwenu, akapewa karatasi hiyohiyo uliyoniletea mimi, ameiweka kwenye plastiki. Nguzo zimefika upande wa pili.

Nimeona pia ulivyosaini. Danford Mwandu. Basi nenda kwa Fredrick mkagawane lambo, mmekuwa wajukuu wa babu mmoja. Limbu nitamwambia alilea bure.

Jambo moja unijibu. Hilo pengo ulilolicheka, Ng nafasi wandu, uliliona kwenye karatasi zipi? Za mwezi gani?

Specioza


Bariadi
20 Mei 2025

Shangazi Specioza,

YAH: MAREKEBISHO YA KUMBUKUMBU ZA SAPIWI

Nakuandikia nikiwa na afya njema. Nimefurahi kusikia mtoto analala. Msimamizi wetu, Bwana Mayige, amependekeza niende Dodoma mwezi Septemba kuwasilisha mbinu yangu ya kusahihisha nyaraka mbele ya viongozi wa mradi. Ni heshima ambayo katika ukoo wetu, nadhani, haijapata kutokea.

Sehemu ya barua yako inayohusu nasaba yangu sitaijibu. Naomba tu tuelewane katika jambo la msingi: kompyuta haikukosea. Ilitekeleza kile ilichoamriwa, kwa usahihi ambao mkono wa binadamu hauufikii. Kama ofisi ya tarafa ilitaka watu wawili watofautishwe, ilipaswa kutumia namba, si tahajia. Kuitegemea alama ndogo kama ukucha wa njiwa ibebe umiliki wa lambo zima ni utaratibu ambao sijaukuta katika kitabu chochote cha utunzaji wa kumbukumbu.

Hata hivyo, kwa heshima yako, nimefanya marekebisho stahiki. Nimeielekeza amri ileile irudi kinyumenyume: kila penye Mw, sasa ni Ng'w. Ilichukua sekunde nane, yaani pungufu ya mara ya kwanza. Nakala mpya nimeigonga muhuri na kuituma moja kwa moja kwa Baraza la Kata, kwa kuwa siku zimekaribia. Nimeangalia mstari unaohusu lambo: sasa unasoma Ng'wandu. Nadhani suala limefungwa.

Wako,
Danford L. Mwandu
Shahada ya Sayansi ya Kompyuta


Binza, Maswa
16 Juni 2025

Danford,

Tumerudi salama kutoka Sapiwi. Pamba ya baba yako ni nzuri mwaka huu, ameniambia nikwambie. Mwenyewe hakuandikii, anasema barua zako zinamtoa jasho.

Baraza lilikaa Alhamisi. Mwenyekiti ni Mama Kija, unamkumbuka, yule mnene wa sauti nyembamba. Akaichukua karatasi yako yenye muhuri, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima: "Ng'wenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Ng'walimu Ng'kuu aliomba radhi kwa kuchelewa." Hapana, hilo la mwisho nimekuongezea mimi. Kwako ilikuwa Ng'walimu Mkuu tu. Lakini "Ng'waka huu mvua zimechelewa" lilikuwepo, na "Ng'wezi wa Januari" lilikuwepo.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Samahani, hiyo kompyuta ni ya kabila gani?"

"Ya kwetu hiyo," mwingine akajibu. "Marehemu bibi yangu alikuwa anaita ng'walimu hivyohivyo."

"Basi bibi yako alikuwa na shahada."

Danford, watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Baba yako aliinamisha kofia usoni. Mimi sikucheka, nilikuwa nakutafutia maneno.

Fredrick hakucheka pia, yeye ana akili. Akasimama na plastiki yake. "Mwenyekiti, kwenye karatasi hii ya kwanza babu yangu yupo. Kwenye hii ya pili hayupo popote, kila mahali ni Ng'wandu, Ng'wandu. Mjukuu wa watu hawa amekaa huko ofisini anamfuta babu yangu. Mimi nilizaliwa na nani?"

Kweli alikuwa amefutwa.

Mama Kija akavua miwani. "Nina karatasi mbili za ofisi moja. Moja imemuua Ng'wandu, nyingine imemuua Mwandu. Sitaki maiti zaidi. Nataka ile iliyopigwa kwa mashine, yenye kutu ya pini. Mniletee Alhamisi tarehe 28 Agosti. Isipokuja, namwacha Fredrick na lambo lake, kwa sababu karatasi yake angalau inasomeka."

Seng'enge imefungwa pande tatu. Ng'ombe wa Limbu wanakwenda kunywa mtoni kwenye mashimo ya mchanga, asubuhi nzima kwenda, mchana wote kurudi. Ng'ombe akirudi ana kiu ileile aliyoondoka nayo.

Karatasi ziko wapi? Na swali langu la pengo hukulijibu.

Specioza


Bariadi
26 Julai 2025

Shangazi Specioza,

Nakusalimu. Bariadi kuna vumbi na watu wa pamba, na kila anayefika kutoka Sapiwi ananiita Ng'walimu. Hata Precious. Pole kwa safari ya barazani.

Nimekawia kwa sababu sikuwa na jambo jema la kuandika, na sasa pia sinalo. Naomba ulisome lifuatalo kama maelezo ya kitaalamu.

Neno moja likigeuzwa kuwa jingine, linarudishika. Maneno mawili yakigeuzwa kuwa moja, hayarudishiki, kwa kuwa kompyuta haikumbuki lipi lilikuwa lipi. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza. Amri ya sed, ukiiambia -i, huandika juu ya faili lenyewe. Ukiongeza herufi nne tu, .bak, hukuwekea kando nakala ya faili la zamani kabla haijagusa chochote. Sikuziongeza. Nilikuwa na hakika.

Bwana Mayige hajaarifiwa. Safari ya Dodoma haijafutwa.

Karatasi za asili zipo. Baada ya kuchapwa kwenye kompyuta zilirudishwa kwenye maboksi na kuwekwa ghala la nyuma, pamoja na za tarafa nyingine. Maboksi ni sabini na moja. Hayana orodha. Kuna popo. Kazi ya kufungua maboksi si ya kada yangu, na kwa kuwa vibarua wamekwisha kulipwa na kuondoka, sioni nani wa kuifanya kwa siku zilizobaki.

Kwa hiyo napendekeza njia nyepesi. Wewe ndiye uliyepiga chapa. Nenda mbele ya baraza, ule kiapo kwamba ulipiga Ng'wandu, na neno la mpiga chapa mwenyewe litazidi karatasi mbili zenye utata. Sielewi kwa nini hukufanya hivyo Juni. Ulikuwa umekaa palepale.

Sielewi pia kwa nini katika barua yako ya kwanza hukuniuliza karatasi inasema nini, bali jina limepigwaje. Anayejua alichopiga haulizi. Wala pengo halinihusu mimi, lakini umeliuliza mara mbili.

Danford


Binza, Maswa
4 Agosti 2025

Danford ng'wanone,

Leo salamu ni fupi. Sote wazima.

Umenishika. Ilikuchukua miezi minne, kompyuta ingetumia sekunde tisa, lakini umenishika.

Mwaka 1986 mashine yangu ilikatika mkono wa kile kimkato cha juu. Fundi alikuwa Shinyanga na hakuja mpaka miezi mitatu ilipopita. Nikawa napiga Ng, naacha nafasi, napiga wandu, halafu jioni nachukua kalamu najaza kimkato kwa mkono, karatasi kwa karatasi, nakala kwa nakala. Hayo ndiyo mapengo uliyoyaona: yale niliyosahau kujaza. Kila ulipolicheka pengo ulikuwa unanicheka mimi nimechoka.

Lakini si hilo. Kuna siku katibu alikuwa mlangoni anataka karatasi, na mimi nilikuwa naposwa, akili iko Maswa. Siku hizo sikuacha nafasi. Nilipiga Mwandu kwa wote wawili, nikaondoka. Nilisema moyoni, jina si ni moja. Nilisema maneno yako yaleyale, miaka karibu arobaini kabla yako, na sikuwa na shahada ya kusingizia.

Kikao cha lambo kilikuwa ndani ya miezi hiyo mitatu. Baba yangu alirudi nyumbani siku ile akaniuliza, "Umeniandika?" Nikamwambia nimekuandika. Hakujua kusoma. Sikumbuki nilimwandika nani.

Ndiyo maana nilitaka herufi kwa herufi. Ndiyo maana sikula kiapo Juni, na Agosti pia sitakula. Siwezi kuapa juu ya kitu ambacho mkono wangu unaweza kuwa ulikifanya vingine. Limbu anadhani ninakaa kimya kwa hekima. Mwache.

Usiniambie habari za kada. Mimi nilipiga karatasi hizo kwa vidole vyangu, na kama nimemfuta baba yangu nataka nijue kwa karatasi yangu, si kwa yako. Popo hawaumi.

Specioza


Bariadi
1 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Mwangaluka. Baba atakuwa amekwisha kukufikia na habari, kwa kuwa aliondoka barazani akitembea haraka kuliko ninavyomjua. Lakini yeye husimulia, na wewe ulitaka iandikwe.

Nilianza kufungua maboksi tarehe 11 Agosti. Precious alinikuta siku ya pili nimekaa sakafuni, shati limejaa kinyesi cha popo. "Ng'walimu," akasema, "amri gani hiyo unayoandika?" Nikamwambia ama acheke au ashike boksi. Alifanya vyote viwili. Yeye ndiye anayejua mwandiko wa makarani wote wa tarafa zote, kwa sababu amezisoma karatasi hizo moja moja, kazi ambayo mimi niliiona ya mtu asiyefika Meatu. Bila yeye ningekuwa bado boksi la kumi.

Karatasi yako ilikuwa boksi la hamsini na nane. Ina kutu ya pini. Ningeweza kuisoma palepale nilipokaa, lakini nilisimama kwanza.

Imeandikwa: Ndugu Ng wandu.

Hukujaza, Shangazi. Hakuna wino wa kalamu popote katika ukurasa ule. Lakini uliacha nafasi.

Tarehe 28 niliipeleka mwenyewe. Fredrick aliiangalia, akasema ile nafasi ni mashine kuruka, ni kasoro, haina maana. Mama Kija akamuuliza, "Na N na g nazo zimeruka kutoka wapi?" Akamkabidhi karatasi tupu. "Mwanangu, wewe umesoma. Niandikie hapo jina la babu yako."

Fredrick akaandika Mwandu.

"Sasa nionyeshe ni wapi utaweka nafasi."

Mama Kija akaweka kidole juu ya lile pengo kwenye karatasi ya zamani, akasema, "Mwandu hana nafasi humu. Aliyeachiwa nafasi ni mwingine." Watu hawakucheka kwanza, walipoelewa ndipo wakacheka, na Fredrick mwenyewe akainamisha kichwa. Seng'enge ilianza kukunjwa Ijumaa. Kwa haki yake, na kwa ombi langu, imeandikwa pia barazani kwamba Mwandu babu yake aliwahi kuishi Sapiwi, akabatizwa, na ana shamba lake upande wa mashariki ambalo hakuna anayeligusa. Nilikuwa nimemfuta. Ilinipasa nimrudishe mimi.

Bwana Mayige nilimweleza yote kabla ya kwenda barazani. Dodoma atakwenda mwingine. Mimi na Precious tunayarudisha mafaili ya Sapiwi kwa mkono: yeye anasoma karatasi kwa sauti, mimi naandika. Yapo 612. Kila anapofika kwenye pengo husema "nafasi", nami naliacha kama lilivyo, sijazi. Kwa siku tunamaliza ishirini, na anasema mkono wangu ni mzito.

Bado naamini kwamba ofisi ya tarafa ilipaswa kutumia namba.

Jina langu la kwenye vyeti ni lilelile nililoliapia, na kulirudisha kutahitaji kiapo kingine, na mifumo itanikataa tena kwa herufi zisizokubalika. Nitaanza na barua hii. Sikuiandika alama yenyewe, kwa kuwa nadhani kuna mtu aliyebakiza kazi ya jioni moja. Kalamu unayo.

Mtoto wa kaka yako,
Danford Ng wandu